Grafiki kwenye laivu bila kuilemea laptopu: kwa wanaoanza na OBS

Anayerusha ibada, harusi au mechi ya mtaani kwa laptopu ya kawaida hupata picha safi mpaka siku anapoongeza nembo, jina la mzungumzaji, bango la wadhamini na maandishi yanayotembea chini. Video inaanza kukwamakwama, naye anakimbilia kulaumu bando.

Kabla hujanunua bando jingine, fungua OBS, programu unayorushia, ingia menyu ya Docks, weka tiki kwenye Stats, na dirisha hilo liache wazi muda wote unaorusha. Lina mistari mitatu ya kuangalia. Ukipanda wa "rendering lag", kadi ya picha imeshindwa kuunganisha kamera na grafiki zako kwa wakati. Ukipanda wa "encoding lag", kazi ya kubana video imezidi uwezo. "Dropped frames" peke yake ndiyo habari ya mtandao. Ukijua ni upi unaopanda, hutahangaika kurekebisha kisichoharibika.

Kinachowakosesha wengi ni kupima grafiki kwa ukubwa wa faili. PNG ya KB 200 ikishafunguliwa haibaki KB 200. Kila pikseli inachukua baiti 4, kwa hiyo picha ya 1920 kwa 1080 inakula takriban MB 8.3 za kumbukumbu. Nembo ya 4000 kwa 4000 uliyoibana pembeni mwa skrini bado inakula MB 64, hata kama mtazamaji anaiona ndogo kama kifungo. GIF ni mbaya zaidi, maana kila fremu inafunguliwa kama picha kamili: fremu 100 za 1920 kwa 1080 ni zaidi ya MB 800. Kwenye laptopu ya RAM ya GB 8, ambayo kadi yake ya picha inachota humohumo, huko ni kujitafutia matatizo.

Basi fungua GIMP, programu ya kuhariri picha, na upunguze kila kitu kifikie saizi kitakayoonekana nayo. Nembo ya pikseli 200 ihifadhi ikiwa 200. Ubao wa jina usiuhifadhi kama picha ya skrini nzima yenye uwazi mtupu juu. Kata ubaki 1280 kwa 160, na utakuwa umeshuka hadi chini ya MB 1.

Mzigo mkubwa kuliko yote ni Browser Source. Hiyo ni kivinjari cha Chromium kinachofunguliwa ndani ya OBS, na kila ukurasa wenye mbwembwe zinazocheza hujichora upya muda wote. Matokeo ya mechi hayahitaji ukurasa wa wavuti. Kwenye orodha ya Sources ongeza Text, tiki "Read from file", elekeza kwenye faili la Notepad, tuseme matokeo.txt. Bao likiingia, badilisha 1 iwe 2, hifadhi, na skrini inabadilika yenyewe baada ya muda mfupi.

Maandishi yanayotembea nayo ni Text, ukiongezea filta ya Scroll. Tiki Limit Width uandike 1280, la sivyo mstari mrefu utatoka nje ya skrini. Mwishoni mwa maandishi weka nyota au kistari, ili neno la mwisho lisigandane na la kwanza yanapozunguka.

Ukilazimika kutumia Browser Source, kwa mfano kuonyesha maoni ya watazamaji, ipe upana na urefu wa eneo lake tu, kisha tiki "Shutdown source when not visible". Angalizo: ukurasa ukifungwa huanza upya unaporudi, kwa hiyo saa ya kuhesabu kurudi nyuma usiiwekee tiki hiyo.

Kwenye Settings, sehemu ya Video, weka Canvas (turubai unayopangia picha) na Output (video inayotoka) zote 1280 kwa 720, fremu 30 kwa sekunde. Wengi hushusha Output peke yake. Grafiki huunganishwa kwa saizi ya Canvas, hivyo ukiiacha kwenye 1080 kadi ya picha bado inachora pikseli zaidi ya milioni 2 kwa kila fremu, wakati 720 haifiki milioni 1.

Kwa enkoda, yaani kinachobana video, tumia QuickSync kwenye Intel, NVENC kwenye NVIDIA. Ukibaki na x264, inayotumia prosesa, na "encoding lag" inapanda, badilisha preset (mpangilio wa kasi) kutoka veryfast kwenda superfast. Ubora utashuka kidogo, ila video itaenda.

Nembo inayotokea kwenye scene tano (mipangilio ya skrini unayobadilishana) isiongezwe mara tano. Inakili, halafu chagua Paste (Reference), wala si Duplicate. Studio Mode, inayokuonyesha scene ijayo kabla ya kuirusha, ni nzuri, lakini inachora picha mbili kwa pamoja. "Rendering lag" ikipanda, izime kwanza.

Chaja iwe imechomekwa. Umeme ukikatika katikati ya harusi, laptopu nyingi hupunguza kasi zikihamia kwenye betri, na kilichokuwa sawa dakika moja nyuma kinaanza kukwama. Wakati huo ficha maandishi yanayotembea na Browser Source, bakiza nembo na jina.

Siku moja kabla, rekodi dakika 10 ukiongeza grafiki moja baada ya nyingine, jicho likiwa kwenye Stats. Ile ambayo namba inapanda ukiiweka, iondoe au itengeneze upya kabla wageni hawajafika ukumbini.