Kitabu Kimekubaliwa, Sasa Nani Atakitangaza?

Safu hii hujibu maswali ya wasomaji kuhusu uandishi na uchapishaji. Barua tatu tulizozichagua safari hii zinahusu namna mashirika ya uchapishaji ya vyuo vikuu yanavyowatangaza waandishi wao na vitabu vipya.

SWALI: Mswada wangu wa Kiswahili kuhusu historia ya wavuvi wa Kilwa umekubaliwa na shirika la uchapishaji la chuo kikuu. Hata kabla haujahaririwa, nimeletewa fomu ndefu inayoniuliza ni kozi zipi zinaweza kukitumia kitabu, majarida gani yapelekewe nakala, na wasomi gani waombwe maneno ya jalada la nyuma. Nilidhani hiyo ni kazi yao. Wakati huohuo, mwenzangu ananihimiza nitenge fedha za uzinduzi hotelini. Nishike lipi? *(Mhadhiri, Morogoro)*

JIBU: Mwalimu, hongera. Shika fomu, na uijaze kwa uangalifu uleule uliouandikia sura ya kwanza ya kitabu. Shirika la chuo lina watumishi wachache na vitabu vya fani nyingi, kiasi kwamba ofisa masoko atakayekishughulikia kitabu chako huenda wiki hiyohiyo ana kitabu cha sheria ya ardhi na kingine cha magonjwa ya mihogo mezani pake. Hawezi kujua ni nani anayefundisha historia ya Bahari ya Hindi, wala ni nani aliyeandika juu ya kaskazi na kusi na maisha ya wavuvi. Wewe unajua, kwa sababu watu hao umewanukuu katika tanbihi zako.

Majibu yako ndiyo yatakayogeuka kuwa maelezo ya jalada, ya katalogi, ya duka la mtandaoni na ya barua kwa wahakiki. Kwa hiyo yataje mambo kwa majina yake. Mtafiti au mkutubi anayetafuta kitabu kwenye kompyuta huandika "Kilwa Kisiwani", "Kilwa Kivinje" au "Songo Mnara". Hatafuti methali nzuri uliyoichagua iwe jina la kitabu. Kama methali ni lazima ibaki, basi jina dogo litaje Kilwa, uvuvi na kipindi unachokizungumzia. Taja pia kwamba magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981, kwa kuwa jambo hilo linakifungulia kitabu njia ya kuwafikia waongoza watalii na wahifadhi wa mambo ya kale, ambao mara nyingi wachapishaji wa kitaaluma huwasahau.

Kuhusu majarida, usiandike "majarida yote ya historia", kwani nakala za uhakiki hugharimu fedha na nyingi huishia kabatini. Lipo *Tanzania Zamani* la wanahistoria wa Dar es Salaam, na lipo *Azania*, lililoanza kutolewa Nairobi mwaka 1966 na ambalo kwa miaka mingi limebeba habari za miji ya kale ya pwani. Uhakiki wa kitaaluma huchelewa. Kupita mwaka mzima kabla haujachapishwa si ajabu. Ndiyo maana shirika linakusumbua mapema, wakati wewe bado unawaza marekebisho ya sura ya tatu.

Sasa uzinduzi. Mimi si shabiki wa uzinduzi wa hotelini. Mgeni rasmi husifia kitabu ambacho hajakisoma, picha hupigwa, soda hunywewa, na wanaonunua ni jamaa na wafanyakazi wenzako ambao wangenunua hata bila sherehe. Si ajabu pia shughuli ikafanyika wakati vitabu vyenyewe bado viko kwa mpiga chapa. Ikiwa ni lazima pawe na hafla, ifanyike Kilwa Masoko, mbele ya wazee waliokusimulia habari zao, na shirika lilete nakala za kutosha kwa bei ambayo mwalimu wa shule ya msingi anaimudu. Mwandishi wa habari wa mkoa atapata habari ya kweli pale, na wale wazee watakuwa na la kusema kuhusu ulichokiandika, liwe la sifa au la kukusahihisha.

SWALI: Nimeajiriwa kusimamia masoko katika shirika dogo la uchapishaji la chuo kikuu. Wakuu wanataka tuonekane katika kila maonyesho ya vitabu, lakini bajeti haitoshi. Tuanzie wapi? *(Msomaji, Nairobi)*

JIBU: Maonyesho ya kimataifa ya vitabu ya Nairobi, yanayoandaliwa na Chama cha Wachapishaji wa Kenya, yana manufaa, ila wengi wanaofika pale Sarit Centre ni wazazi, walimu na wanafunzi wanaotafuta vitabu vya shule. Shirikianeni meza na shirika jingine la chuo, mwende na vitabu vichache vinavyoweza kumvuta msomaji wa kawaida, na fedha mtakazookoa zipelekeni kwingine.

Kwingine kwenyewe ni usambazaji. Tangazo la kitabu kisichopatikana linamuudhi msomaji bure. Mashirika mengi ya Afrika huuza nje kupitia African Books Collective, umoja wa wachapishaji wa Kiafrika wenye makao yake Oxford, ambao huweza kuchapa nakala pale tu mnunuzi anapoagiza. Kwa njia hiyo mwalimu wa Kiswahili aliyeko Napoli, Leipzig au Seoul hukipata kitabu bila kusubiri mzigo wa meli. Kwa vitabu vya Kiswahili soko hili ni dogo, lakini ni la watu wanaoagiza kwa ajili ya maktaba na madarasa yao.

Kisha watumieni waandishi wenyewe. Mwandishi anayekwenda kwenye kongamano la CHAUKIDU (Chama cha Ukuzaji wa Kiswahili Duniani), au anayealikwa kuzungumza kwenye sherehe za Siku ya Kiswahili Duniani tarehe 7 Julai, asiondoke bila karatasi za kuagizia kitabu. Bei nayo iangalieni. Tangu mwaka 2013 vitabu nchini Kenya hutozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, na kwa kitabu cha kitaaluma kilichochapwa nakala mia chache, mzigo huo mnunuzi anauona waziwazi.

SWALI: Kwa nini vitabu vya Oxford vimejaa madukani, ilhali vitabu vya chuo chetu vinapatikana stoo tu? *(Mwanafunzi, Unguja)*

JIBU: Oxford University Press nayo ni idara ya chuo kikuu, lakini Afrika Mashariki, ambako imekuwapo tangu miaka ya 1950, imesimama juu ya vitabu vya shule na makamusi. *Kamusi ya Kiswahili Sanifu* ilitungwa na watafiti wa TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili) katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na ikachapishwa na Oxford mwaka 1981. Kitabu kinachohitajiwa na kila shule hakikosi nafasi dukani. Tasnifu iliyogeuzwa kitabu huuzwa pole pole popote duniani, hata huko Oxford kwenyewe.

Hata hivyo, hilo si udhuru wa kufungia vitabu stoo. Mpelekee mkutubi wa chuo chako ombi la maandishi lenye jina la kitabu, mwandishi na namba ya ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu), kisha umwombe mhadhiri wako akiingize katika orodha ya usomaji wa kozi. Ombi la darasa zima lina nguvu kuliko la mwanafunzi mmoja, kwa hiyo kusanya saini za wenzako kabla ya kwenda.