Nilianzia kwenye kiti, si kwenye mguu

Ndugu uliyeuliza kama mama, aliyepigwa na kiharusi, atatembea tena kwa mazoezi ya nyumbani tu, kwa kuwa mashine ya kutembelea (ile unayopanda ukatembea papo hapo) hamna: pole kwa kuuguza. Mimi kiharusi kilinipiga upande wa kushoto, sasa ni mwaka wa nne. Mashine hiyo sijawahi kuipanda, na natembea kwa fimbo moja.

Hilo la mashine lisikunyime usingizi. Mwaka 2011 yalitoka matokeo ya utafiti wa Marekani kwa wagonjwa 408 wa kiharusi. Wengine walitembezwa kwenye mashine wakiwa wameshikiliwa na mikanda, wengine walifuatwa nyumbani na mtaalamu wa fiziotherapia kwa mazoezi ya nguvu na ya kusimama bila kuyumba. Mwaka ulipotimia, asilimia 52 ya wote walikuwa wamepiga hatua katika kutembea, na wa nyumbani hawakuachwa nyuma. Ila zingatia: walikuwa na mtaalamu. Hata akija mara moja moja, mtafute, akuonyeshe na akusahihishe.

Wiki za mwanzo mimi sikutembezwa kabisa. Nilikuwa nakaa na kuinuka, kukaa na kuinuka, kiti kikiwa kimeegemezwa ukutani. Unavuta miguu nyuma kidogo, unainama mpaka pua ipite vidole vya miguu, ndipo unanyanyuka. Nilijisifu kwamba naweza, kumbe mguu wa kulia ndio uliokuwa ukibeba kila kitu na wa kushoto unasindikiza tu! Mtaalamu alinisogeza ule mzima mbele kidogo, akasema inuka. Nilitetemeka kama jani, nikarudi kitini puu. Siku nilipoinuka hivyo mara tano mfululizo ndiyo siku ninayoihesabu kuwa nilianza kutembea, ingawa sikutoka pale nilipo.

Fimbo ishikwe na mkono wa upande mzima. Kwenye ngazi, kupanda hutangulia mguu mzima, kushuka hutangulia mguu uliolegea. Wewe msaidizi kaa upande uliolegea, na tafadhali sana usimvute mama kwa mkono uliopooza. Mpwa wangu, kijana mwenye nguvu na moyo safi, alininyanyua hivyo, na bega likaniuma miezi kuliko mguu wenyewe. Mazulia yanayoteleza yaondoe leo hii. Na akipinda mdomo ghafla au ulimi ukawa mzito, mazoezi basi, hospitali saa hiyo hiyo.

Kuna wiki hutaona badiliko lolote. Mimi ya tano na ya sita nilinuna tu, nikamgombeza kila mtu.

Hadi leo nikichoka, kidole gumba cha kushoto huburuta sakafu. Mke wangu husikia ule mkwaruzo akiwa chumba cha pili, na hana hata haja ya kuja: "Kaa, baba fulani, umemaliza."