Fristaili ndo mitindo huru? Na Shannon ni mwasisi au mwanzilishi?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Naandaa kipindi cha redio cha miziki ya zamani, safari hii nataka niongelee fristaili, ile ya kudansi ya Marekani ya miaka ya 80. Kwenye skripti nimeandika 'chimbuko na muasisi wa mitindo huru, Shannon', mwenzangu anasema nimechemka. Nimechemkia wapi?"

Marahaba. Chimbuko liache, mengine yote tuyaangalie.

Mitindo huru si neno baya, shida yake lina mwenyewe tayari. Ukimtajia kijana wa Dar mitindo huru anamuona mtu kashika maiki anachana, mistari inamtoka hapohapo kichwani hajaandika popote, na waogeleaji nao wana mtindo huru wao. Sasa muziki unaoongelea wewe haukuwa hivyo hata kidogo, nyimbo zimetungwa na kupangwa kabisa, mambo ya mapenzi na kuachwa na kulialia, chini yake biti la mashine ya Roland TR-808 na vinanda vya umeme, watu wako katikati ya ukumbi wanatoka jasho. Msikilizaji wako atasubiri michano mpaka kipindi kiishe.

Andika fristaili, basi. Majina ya miziki huwa tunayakopa yalivyo, rege, rumba, disko, nani aliyatafutia tafsiri? Tena kwenye dansi letu neno mtindo lina kazi yake kabisa, mtindo wa Mlimani Park ni Sikinde, wa NUTA ni Msondo, na mgeni akija kututafsiria Sikinde si tutamcheka. Ngeli iwe I-ZI: fristaili ilianza, fristaili hizi za Miami. Na jina hilo wapo wanaolihusisha na kundi la Miami la Tony Butler lililoitwa Freestyle hivohivo, ila New York wengi walikuwa wanauita hip hop ya Kilatino maana waliouchangamkia sana ni vijana wa Bronx na Harlem ya mashariki wenye asili ya Puerto Rico. Kwa hiyo hata wenyewe hawakuwa na jina moja.

Haya, muasisi. Kwanza tahajia ni mwasisi, kwa w. Pili, neno hili ni ndugu wa damu wa taasisi, ndo maana linakaa vizuri kwenye taifa, chama, shule, vitu ambavyo mtu kakusudia akaweka msingi. Hakuna aliyeitisha kikao akaiasisi fristaili! Mwaka 1982 DJ wa New York Afrika Bambaataa na kundi lake Soulsonic Force, na prodyuza wao Arthur Baker, walitoa Planet Rock, wakachukua melodi ya kundi la Kraftwerk la Ujerumani wakaishindilia 808, wao walikuwa wanafanya hip hop yao tu. Hao ni watangulizi, wametangulia njia ambayo wengine wakaja kuipita. Na wimbo wenyewe ndo chimbuko, toka chimbuka, kitu kutokeza, na chimbuko halilazimiki kujijua kuwa ni chimbuko.

Waanzilishi ningewaita Chris Barbosa na Mark Liggett, maprodyuza wa Let the Music Play ya 1983, ambayo mapema 1984 ilifika namba 8 kwenye chati ya Billboard. Shannon ndo aliyeimba, mimi ningemwita sauti ya kwanza ya fristaili kuvuma, mwanzilishi peke yake hapana, maana mwaka huohuo wa 1983 kule Miami mwimbaji Debbie Deb na yule Butler nao walitoa When I Hear Music. Kundi la Lisa Lisa na Cult Jam, waliofika namba moja mara mbili mwaka 1987, waite vinara, au walioipaisha. Usije ukawaita wakongwe ukidhani umesema wa kwanza, ukongwe ni wa miaka tu, mtu anaweza kuingia wa mwisho akakongwekea humohumo.

Skripti isomeke hivi: "Leo tunafuatilia chimbuko la fristaili, watangulizi wake na waanzilishi wake, tukianza na sauti ya Shannon." Halafu piga wimbo, usiongee juu yake.