Kitabu cha kumsomea binti aliye mbali na baba yake

Pole dada. Umesema binti yako wa miaka 10 alipenda sana hadithi za maajabu, lakini tangu baba yake aende kufanya kazi ng'ambo hataki kusikia hadithi yoyote ya safari. Mimi ningemsomea A Wrinkle in Time ya Madeleine L'Engle, iliyotoka mwaka 1962. Meg na mdogo wake Charles Wallace wanavuka sayari kumtafuta baba yao, mwanasayansi aliyepotea. Meg ana hasira, anajiona hafai, shuleni hana raha. Binti yako atamwelewa mara moja.

Kuna sayari ya Camazotz, ambako watoto wote wanadundisha mipira kwa mpigo mmoja. Inatisha kweli, kwa hiyo sura hizo zisome mchana. Mwambie mapema kwamba baba anapatikana, ila hawezi kumaliza kila tatizo. Charles Wallace anaokolewa na upendo wa dada yake. Hapo usiharakishe. Funga kitabu, mwache aulize kuhusu baba yake kadiri atakavyo. Kiingereza kikimshinda, msimulie kwa Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa.