Mamangu, lile dele litie kahawa

Mamangu,

Wa aleikum salaam. Voisi noti yako ya dakika nne nimeiskiza mara mbili, ya kwanza nimeketi, ya pili nazunguka nyumba nzima natazama hivo vitu unavyovitaka, na nimeona bora nikujibu kwa kuandika manake mimi nikianza kurekodi siachi, unanijua. Umesema umepata apatimenti huko Nairobi, ghorofa ya tatu, sebule tupu, na wataka kasha la bibiako, dele la kahawa na zile sahani za ukutani, lakini waogopa nyumba isije ikawa kama Fort Jesus watu wanaingia wanatazama wanatoka. Alafu ukauliza, wageni wakija niwatilie kahawa humo humo ama niviweke tu juu wasivishike?

Watilie. Kwanza nianze na hapo, mengine yatafuata. Unakumbuka vikombe vya kahawa vya bibiako, wewe ndo mwenye jina lake kwa hivo lazima ujue hii. Vilikuwa kumi na mbili. Idi moja, mimi nikiwa mdogo wa kama miaka tisa, mtoto wa jirani alikiangusha kimoja pale barazani mbele ya wageni, na mama yake yule mtoto akasimama, uso umemshuka, hajui aseme nini. Bibiako akainama haraka akaokota vile vipande akavitia ndani ya buibui lake kama mtu aliyeokota kitambaa chake, akaingia ndani, akatoka na kikombe kingine cha seti tofauti kabisa akamtilia yule mama kahawa. Mazungumzo yakaendelea. Ndo mana hadi leo vikombe vyangu havifanani, vya asili vimebaki saba na vingine ni vya kuokoteza okoteza, na watu hudhani ni staili.

Sasa kuhusu nyumba kuwa kama museum. Mimi nimeokota vitu tangu 1988, bado karani pale bandarini, na miaka kumi ya mwanzo nilikosea vibaya, marehemu mamako alikuwa akiniambia hii si nyumba hii ni duka. Kila ukuta una sahani, kila pembe ina birika, mtu akija hana pa kuweka mkono. Kilichonifunza ni safari ya Lamu, nilipoingia nyumba moja ya zamani yenye zidaka kwenye ukuta wa ndani, ile plasta nyeupe ya chokaa imechongwa safu kwa safu, na ndani ya kila kidaka bakuli moja, ama birika moja, basi. Ukuta wenyewe ndo unaokitenga chombo na mwenzake. Niliporudi nikapakia robo tatu ya vitu vyangu kwenye makatoni. Kwa hivo wewe na sebule yako tupu uko mbele yangu kwa miaka kumi, usiijaze. Pata shelfu moja ya maana, paka ukuta rangi nyeupe isiyong'aa, weka vitu vitatu vyenye nafasi baina yao, na ile balbu nyeupe kama ya ofisi uitoe uweke ya manjano, shaba chini ya taa nyeupe yaonekana kama bomba la maji.

Na usione haya kutundika sahani ati ni ushamba wa wazee. Watu wetu wamezipachika sahani za Kichina hata kwenye makaburi na kuta za misikiti, nenda Mambrui hapo karibu na Malindi utaona kaburi la nguzo lililopachikwa vyombo vya Kichina vya enzi za Ming. Sahani ya ukutani pwani hii si pambo la jana.

Lakini lile bakuli lenye maua mekundu na kijani ulilokuwa ukiwaambia wenzako shule ni la Kichina, mamangu si la Kichina, ni la Uholanzi. Ligeuze chini utaona mhuri wa sphinx, yule mnyama mwenye kichwa cha mtu, ni kiwanda cha Petrus Regout mji wa Maastricht, walitengeneza kwa wingi karne ya 19 na kuendelea na mabakuli yao yakajaa pwani yote, bibi zetu wakayapenda kuliko kitu. Na ukitazama vizuri chini ya huo mhuri imeandikwa Made in Holland. Wamarekani walitoa sheria ya ushuru mwaka 1890 kwamba bidhaa inayoingia kwao iwe na jina la nchi ilikotoka, viwanda vya Ulaya vikaanza kupiga jina la nchi, na haya maneno ya Made in mara nyingi ni ya karne ya 20. Kwa hivo bakuli lako lina umri wa babu sio wa jini.

Nakutumia hilo bakuli na sahani moja, sio mbili, ile ya pili ina ufa siiamini njiani. Kutundika usitumie gundi hata fundi akuapie. Nunua zile waya zenye mpira kwenye ncha, isikaze sana kwani inamega ukingo, toboa ukuta uweke plagi na skrubu, na kabla hujatoboa muulize landilodi, deposti yako isije ikaliwa kwa sababu ya sahani ya babako. Na chakula usipakue humo, hasa vitu vya ndimu, achari, ukwaju, manake rangi na glezi za zamani, ule mng'ao wa juu, zaweza kuwa na madini ya risasi ndani, ni sumu, na uchachu ndo unaoitoa. Tende sawa, kashata sawa, haluwa weka kwanza kwenye kisahani chake alafu ndo kikae ndani ya bakuli. Maikrowevu usithubutu.

Haya tuje kwenye dele, hapa nisikize vizuri manake nimeshaharibu mawili. La kwanza nililisugua kwa stilwuli mpaka likang'aa kama tarumbeta la polisi, nikafurahi, na mhuri mdogo wa fundi uliokuwa shingoni ukaenda nayo, sasa halina baba. Shaba yatosha ndimu na chumvi kidogo mara moja kwa mwaka na kitambaa laini, ile rangi yake ya kahawia iache, ndo umri wenyewe. La pili nililiweka kwenye gesi, nikaenda kupokea simu, maji yakakauka na mdomo ukachomoka ukaanguka juu ya jiko, kumbe ile lehemu inayoshika mdomo haivumilii moto mkubwa. Na lehemu ya zamani nayo ina risasi, kwa hivo hata lisipochomoka si la kupikia. Fanya hivi, kahawa yako pika kwenye sufuria ya kawaida, tangawizi ya kutwanga na iliki, iache itulie, itie kwenye chupa ya chai huko jikoni. Dele lisuuze kwa maji moto lipate joto, tia kahawa ya kuwatosha wageni kwa duru moja, toka nalo. Ikiisha rudi jikoni. Hakuna mgeni atakayejua na kama atajua ataona umejipanga. Na ndani ya dele mulika na tochi ya simu, ukiona nyekundu ya shaba badala ya weupe wa bati basi bati limekwisha na halifai kutiwa kitu mpaka fundi alitie bati upya. Hili nililokutumia nimelitia bati mwaka jana, usiwe na wasiwasi.

Wageni wangapi, ulisema sita? Basi usiwapange kwenye makochi wametazamana kama wanaosubiri intaviu. Tandika mkeka, mito mitatu minne, sinia katikati juu ya kigoda. Mtu akikaa chini anafunguka haraka sijui kwa nini. Dele mkono wa kushoto, kikombe unampa kwa wa kulia, na usijaze, theluthi ya kikombe yatosha, kikijaa kinachoma vidole manake havina mkono, na pia ukijaza ni kama wamwambia anywe aende zake. Anza na mkubwa wao. Ukimtilia asubuhi nzima na yeye hajui kukataa mfundishe kukitikisa kikombe kidogo akikurudishia, shangazi yako wa Muscat atakwambia hio huko ndo lugha yenyewe ya kusema basi yatosha.

Mrashi na chetezo nimeviweka pia. Marashi ya waridi nyunyizia mikononi wakiingia, sio kichwani kama harusi. Udi toa mwisho, watu wa Oman wana msemo wao kwamba baada ya udi hakuna kukaa, na mimi nimeutumia huo msemo mara nyingi kwa wageni wa saa sita usiku na hawakuwahi kujua wamefukuzwa. Lakini kumbuka uko kwenye apatimenti, kile king'ora cha moshi kiko juu ya kichwa chako, fungua dirisha kwanza na weka chetezo juu ya kigae manake mkaa unapitisha joto, meza yangu ya mvule ina alama ya duara hadi leo na ni wewe uliyeiweka.

Sasa kasha. Nimeahirisha, usikasirike. Kasha la bibiako limekaa kwenye huu unyevu wa Mombasa maisha yake yote, ukilipeleka Nairobi sasa hivi kwenye ukavu wa Januari na hilo dirisha lako kubwa unalolisifu, mbao zitasinyaa na kupasuka, na ile misumari ya shaba italegea yote. Ngoja mvua za masika, lije kipindi hewa ina maji, likae ukuta wa ndani mbali na jua, lizoee polepole. Makasha mengi kama haya yalitoka Surat na Bombay na majahazi ya kaskazi, yamevuka bahari, lakini bahari si kavu. Na likija ulitumie, tia mashuka na karafuu ndani, ukimkaribisha mtu likalie hata watu wawili. Tivi usiweke juu yake, nitakuja na treni ya SGR kuitoa kwa mikono yangu.

Ulisema pia kuna rafiki wa kazini ana jamaa anauza kasha la Lamu la miaka mia mbili na bei nzuri. Mamangu. Unalijua lile kasha jeusi la barazani ulilokuwa ukificha karatasi za mtihani wa hesabu? Mimi nililinunua kwa mtu aliyeniapia kwa watoto wake kwamba ni la mkwe wa sultani. Masika ya kwanza nikalifuta vumbi, mikono ikawa ya kahawia, nikainusa, kiwi cha viatu. Nikatoa bamba moja la shaba nyuma yake nikakuta skrubu ya nyota, na hizo zimeanza kusambaa miaka ya 1930. Kwa hivo ukienda kulitazama usitazame mbele, mbele kila mtu atachonga. Lipindue, tazama mgongo na chini na ndani ya kile kisanduku cha pembeni, mahali ambapo fundi hakujisumbua, mbao ya kweli huko huwa na alama za mkono na haikulingana rangi. Ukiona unga unga chini ya miguu kuna wadudu ndani na watahamia kwenye kabati lako la nguo. Bei nzuri isikutoe akili.

Na yule mwenzako Mjerumani anayetaka umuuzie kitu apeleke kwao, mwambie hapana kwa adabu. Kwa sheria ya Kenya ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006, kitu kilichotengenezwa hapa ama kuingizwa nchini kabla ya 1895 hakitoki nje bila kibali, na mimi karani wa bandari sitaki kuskia jina langu kwenye hio stori. Kile kiti changu chenye nakshi nyeupe usiniulize tena, ile nakshi sijui ni mfupa ama ni pembe ya ndovu, na mpaka nipate mtu wa kunihakikishia kitakaa hapa hapa nikikalie mimi na paka.

Parseli itatoka na basi la Ijumaa usiku. Dele nimelifunga kwa kanga mbili na ndani yake nimetia soksi, toa soksi kabla hujatia kahawa. Kifuniko chake kina kipini kidogo cha bawaba kinachochomoka, nimekibandika kwa selotepu chini ya kitako. Vikombe ni sita, vinne vya bibiako na viwili vile vya kuokoteza, na kimojawapo kikivunjika usinipigie simu usiku.

Babako