Usilipeleke andiko la kozi kamatini kabla hujaongea na idara jirani

Mkuu, usilitume hilo andiko. Bado kabisa.

Umesema kozi yako mpya ya mbinu za kitakwimu kwa wanafunzi wa sosholojia imeshapita idarani, Idara ya Takwimu "watajulishwa huko mbele", na kuna mkongwe amekuhakikishia kwamba kamati ya mitaala ya chuo kazi yake ni kugonga muhuri tu. Halafu unatuuliza kuhusu krediti, matokeo ya ujifunzaji na mpangilio wa orodha ya vitabu. Achana na vitabu kwanza. Huyo mkongwe wako, kama si yuleyule aliyeniingiza mimi mkenge, basi ni ndugu yake.

Wangu aliwahi kuwa mjumbe wa kamati hiyo enzi zake. Akaniambia, kwa ule utulivu wa mtu ambaye jina lake halimo kwenye fomu, "Wale hawasomi. Wanaangalia fomu imejazwa na sahihi ya mkuu wa idara ipo." Nikamwamini. Nikatumia nguvu zangu zote kupamba andiko: fonti moja, majedwali yamenyooka, matokeo ya ujifunzaji yanang'aa. Kama kozi zingepitishwa kwa urembo, yangu ingefundishwa hadi leo kwenye vyuo vya watu.

Kumbe wanasoma. Ila hawasomi kama sisi tunavyoandika, kuanzia utangulizi kwenda chini. Kamati ina watu wa idara mbalimbali, na kila mmoja anafungua andiko akiwa na swali moja kichwani: hii inagusa kwangu wapi? Kwa hiyo anaruka maneno yako yote matamu ya "umuhimu wa kozi" na kwenda moja kwa moja kwenye jedwali la wiki, kisha kwenye mstari wa kozi tangulizi. Mjumbe kutoka Takwimu alikuwa ameweka muhtasari wa kozi yao ya mwaka wa pili kando ya jedwali langu. Usampulishaji, upimaji wa nadharia tete, rigresheni: kuanzia wiki ya tatu hadi ya saba zilikuwa zinafanana karibu neno kwa neno. Nikajitetea kwamba mifano yangu ni ya kijamii. Akaniuliza kwa upole sana, "Kwa hiyo fomula zinabadilika?"

Hilo ningeweza kulipigania. Kilichonimaliza ni ule mstari wa kozi tangulizi. Niliandika kwamba mwanafunzi lazima awe amepita kozi yao ya utangulizi wa takwimu, nikaona nimeonyesha umakini. Yule mama, mjumbe wa Takwimu, akauliza: hao wanafunzi wako wote watakaa wapi? Kozi yao ilikuwa imeshajaa, maabara ya kompyuta inagombaniwa, na kundi jipya la semina linahitaji mwalimu wa kulifundisha. Nilikuwa nimealika wageni nyumbani kwa jirani bila jirani kujua. Nikamgeukia mkuu wa idara yangu anitetee. Alikuwa anaangalia simu.

Na usidhani walikataa. Afadhali wangekataa, ningelala. Kwenye kumbukumbu za kikao waliandika "irudishwe kwa mashauriano". Maana yake andiko linarudi idarani, unaomba maoni ya Takwimu kwa maandishi, unapanga foleni ya kikao kijacho, na wakati huo tarehe ya kufunga prospektasi, yaani kitabu cha kozi za mwaka, imeshapita. Kozi ikakosa mwaka mzima wa masomo. Mwalimu wa muda niliyemtafuta kwa taabu akachukua kazi kwingine. Na Takwimu, kwa kuwa sasa walikuwa wameshaudhika, wakaweka masharti: mada mbili ziondoke (zile nilizozipenda kuliko zote, bila shaka), na mwanafunzi asihesabiwe krediti za kozi zote mbili. Baadaye mmoja wao akaniambia kwamba wamekuwa wakitafuta mtu wa kuwapunguzia wanafunzi wa sayansi ya jamii. Ningewafuata mapema wangenisaidia kuandika. Mkongwe wangu nilipomsimulia alisema, "Siku hizi wamekuwa wagumu." Sikumjibu, nina watoto wa kulea.

Kanuni yangu ni moja: barua ya idara jirani kwanza, andiko baadaye. Fungua orodha ya kozi za chuo kizima, tafuta kila kozi yenye mada mbili tatu zinazofanana na zako, hata zile zenye majina yasiyofanana kabisa. Hapo ndipo watu wanapokamatwa, maana takwimu imejificha hadi kwenye saikolojia na uchumi. Waandikie wakuu wa idara hizo uwaulize: je, tunaingiliana wapi, mna nafasi kwa wanafunzi wangu, na kuna programu yenu itakayoathirika? Jibu liwe la maandishi, uliambatishe. Mtu kukuambia "haina shida" kwenye korido si kiambatisho. Na ukimya usiuhesabu kuwa ridhaa.

Kumbuka pia kwamba ngazi hazilingani. Idara yako itakupitisha kwa sababu ni watu wako. Seneti ya chuo, ngazi ya juu, mara nyingi inazipokea kozi zikiwa kwenye orodha ndefu ambayo kamati imeshaichambua. Vita viko hapo katikati, na wewe ndipo unapotaka kwenda mikono mitupu.

Krediti: usihesabu saa zako za kuongea, hesabu kazi ya mwanafunzi. Kwa mfumo wa krediti wa vyuo vya Ulaya (ECTS) krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi yake yote. Marekani, kwa kawaida krediti moja ni kama saa moja darasani na mbili nje ya darasa kila wiki, kwa wiki 15 hivi. Ukiandika krediti nne halafu kazi za wiki zinajaza mbili, mtu atapiga hesabu mbele yako. Kwenye matokeo ya ujifunzaji, futa "kuelewa" kila ilipo, kwa sababu hakupimiki. Benjamin Bloom na wenzake walitoa ngazi zao za malengo ya kujifunza mwaka 1956, zikarekebishwa 2001, na bado watu wanaleta "mwanafunzi ataelewa takwimu". Atafafanua, atakokotoa, atabuni. Na ukisema atabuni utafiti, usimpime kwa mtihani wa kuchagua herufi peke yake. Hilo nalo wanaliona.

Kikao chenu ni lini? Kama ni mwezi huu, muombe katibu akuondoe kwenye ajenda leo, kabla makabrasha hayajasambazwa. Ukiliondoa mwenyewe halionekani popote. Likirudishwa na kamati linabaki kwenye kumbukumbu, na kikao kijacho wanaanza kwa kusoma hapo. Kisha mtumie mkuu wa Takwimu jedwali la wiki tu. Andiko zima hatalifungua.