Kutoka Ubalozini hadi Bodi ya Kampuni: Maswali ya Wasomaji wa Kigoma

Katika toleo lililopita tuligusia safari ya Balozi Ami Mpungwe, Mtanzania aliyetoka katika diplomasia akaingia katika uongozi wa makampuni makubwa. Wasomaji wa Kigoma mjini, Ujiji na Kasulu wameleta maswali, na haya ndiyo yaliyojirudia zaidi.

Shikamoo mwalimu. Mimi husafirisha dagaa na sabuni kutoka Kibirizi kwenda Kalemie, ng'ambo ya ziwa huko Kongo. Mtu aliyeishi kwa mshahara wa serikali anajua nini cha biashara hata akabidhiwe kampuni?

Marahaba, mwanangu. Swali lako ni la haki, na jibu lake limo katika kazi aliyoifanya kabla ya kampuni. Mpungwe alishiriki kwa niaba ya Tanzania katika usuluhishi wa mazungumzo ya Arusha kati ya serikali ya Rwanda na waasi wa RPF, yaliyozaa mkataba uliotiwa saini tarehe 4 Agosti 1993. Mkataba huo haukuzuia mauaji ya kimbari ya mwaka uliofuata, na sisi wa mkoa huu, tuliowapokea wakimbizi wa nchi jirani kwa miongo mingi, hatuwezi kulitaja jambo hilo kwa wepesi. Hata hivyo, kazi yenyewe ilikuwa ya kukaa na watu wasioaminiana mpaka lipatikane neno ambalo kila upande unaweza kulikubali bila kujiona umeshindwa. Baadaye alikwenda Afrika Kusini akiwa balozi wetu wa kwanza huko baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka, wakati ambapo makampuni ya nchi hiyo yalikuwa yanatafuta pa kuwekeza kaskazini mwao.

Alipotoka serikalini alikuwa mwenyekiti wa bodi ya Kampuni ya Sukari Kilombero, ambamo kampuni ya Illovo ya Afrika Kusini ina hisa pamoja na serikali ya Tanzania, huku sehemu kubwa ya miwa ikitoka kwa wakulima wadogo wa jirani. Aliongoza pia bodi ya TanzaniteOne, kampuni ya madini. Mwenyekiti wa bodi hapimi sukari kwenye mizani. Hiyo ni kazi ya meneja na watu wake. Yeye husimama kati ya mwekezaji, serikali na mkulima, ambao kila mmoja anaamini anapunjwa.

Nawe unaifanya kazi hiyo kila wiki. Mteja wa Kalemie akija na dola zake, mnajadiliana kama bei inabeba hamali na ushuru, na nani atakula hasara boti likichelewa na dagaa wakalowa. Mwanadiplomasia amefundishwa kuyaandika hayo yote kabla boti halijang'oa nanga, wakati wengi wetu huyakumbuka mzigo ukishaharibika.

Je, balozi anaweza kufungua biashara yake akiwa bado kazini?

Katika nchi aliyopelekwa, hapana. Mkataba wa Vienna wa 1961 kuhusu uhusiano wa kidiplomasia, kifungu cha 42, unamkataza kufanya kazi au biashara yoyote kwa faida yake binafsi. Mkataba huohuo, katika kifungu cha 3, unamtaka akuze uhusiano wa kiuchumi kati ya nchi mbili, na Sera yetu ya Mambo ya Nje ya 2001 iliitanguliza diplomasia ya uchumi. Kwa hiyo anapaswa kuwatafutia wenzake soko, ila senti isiingie mfukoni mwake.

Kinga ya balozi ya kutoshtakiwa humfuata akiwa mfanyabiashara?

Haimfuati. Kwa kawaida hukoma anapoondoka katika nchi ile baada ya utumishi wake kwisha, na hubaki kwa yale tu aliyoyatenda kwa niaba ya serikali.

Ndugu mwandishi, huku si kuuza kujuana tu? Kampuni inanunua namba za simu za mawaziri.

Wapo wanaonunuliwa kwa sababu hiyo, na wasiwasi wako nauafiki. José Manuel Barroso, aliyeiongoza Kamisheni ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja wa Ulaya, hadi 2014, aliajiriwa na benki ya Goldman Sachs mwaka 2016, muda mfupi baada ya kupita miezi 18 ya kusubiri iliyowekwa kwa wanaotoka madarakani. Sheria hakuivunja, lakini kelele zilikuwa nyingi kiasi kwamba mwaka 2018 muda huo uliongezwa hadi miaka miwili kwa makamishna na mitatu kwa rais wa Kamisheni. Naona hatua hiyo ilikuwa sahihi, na ningependa kila nchi ya Afrika Mashariki iwe na muda wa kusubiri unaoeleweka na kufuatwa. Mtumishi aliyejadili mkataba wa mwekezaji mwezi huu hapaswi kuonekana mwezi ujao amekaa upande wa mwekezaji huyohuyo. Mwenye ujuzi wa kweli hatapoteza chochote kwa kusubiri, maana kujuana huchakaa kila baraza la mawaziri linapobadilishwa, bali uwezo wa kusoma mkataba na kusikiliza hauchakai.

Binti yangu yuko kidato cha sita Tabora na anaitamani njia hii. Asome nini?

Shahada ya sheria au uchumi itamfaa katika pande zote mbili, na akitaka uhusiano wa kimataifa moja kwa moja, kipo Chuo cha Diplomasia cha Kurasini, Dar es Salaam, kilichoanzishwa mwaka 1978 kwa ushirikiano wa Tanzania na Msumbiji. Mhimize ashike Kifaransa mapema. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 na Kongo mwaka 2022. Sokoni Uvira na Kalemie Kiswahili kinatosha, lakini hati nyingi za forodha na mikataba ya Kongo huandikwa kwa Kifaransa. Nchi zote mbili zina konsula hapa Kigoma, hivyo akiwa likizo aende kuuliza kama wanapokea vijana wa kujitolea.